Gari la zamani linachemsha: uliza kwanza linachemsha lini

Mshale wa joto umepanda, mvuke unafuka chini ya boneti, na fundi wa kwanza kufika anasema ni wota pampu, ile inayozungusha maji. Wa pili anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku. Wa tatu haulizi kitu, anashika spana anatoa themostati, valvu inayofungua njia ya maji kwenda rejeta. Wenye Corolla, Carina, Starlet na Sunny za miaka ya 1990 wanaijua hadithi hii: kipuri kipya juu ya kipuri kipya, na gari bado linachemsha.

Kabla ya kununua chochote, jua linachemsha lini. Kwenye foleni tu? Likipanda mlima tu? Dakika tano baada ya kuliwasha asubuhi? Jibu hilo peke yake linawaachia huru nusu ya washukiwa, na hujafungua hata nati moja. Vipimo vilivyomo humu ni vya Toyota Corolla 100 na 110 zenye injini za 4A-FE na 5A-FE, kwa kuwa zimejaa barabarani kwetu. Gari lako likiwa jingine, njia ni ileile, badilisha namba tu.

Ukiwa barabarani na limeshachemsha

Zima AC. Fungua hita hadi mwisho upande wa moto, na kipepeo chake kasi ya juu kabisa. Ni mateso mchana wa jua, lakini hita ni rejeta ndogo, na inaweza kukufikisha sehemu salama ya kuegesha. Mshale usiposhuka, egesha na uzime injini.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyobanwa ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 110 bila kutokota, kwa sababu shinikizo linayazuia. Ukifungua, shinikizo linatoka na maji yote yanatokota papo hapo, yanakurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kuubana kwa kiganja, uwe mlaini na usikuunguze. Weka tambara nene, zungusha mfuniko mpaka kituo cha kwanza, uache upumue, ndipo umalizie.

Na usimwage maji baridi kwenye injini kavu yenye moto. Hedi ya hizi injini ni alumini na bloku ni chuma. Mshtuko wa baridi unaipinda hedi au unaipasua. Injini ikishapoa, iwashe, iache ikiunguruma taratibu, mimina maji kidogo kidogo.

Je, kweli linachemsha?

Geji ya dashibodi inasomwa kutoka kwenye sensa ndogo ya waya mmoja. Sensa hiyo, swichi ya feni, na sensa inayopeleka taarifa kwenye kompyuta ya injini ni vitu vitatu tofauti, na watu huvichanganya sana dukani. Kama mshale unaruka ghafla kutoka katikati hadi juu ukiwasha taa au ukikanyaga breki, hilo ni tatizo la umeme: safisha waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda bodi na betri.

Hatari iko upande wa pili. Mshale uliokuwa juu ukaporomoka wenyewe hadi baridi huku gari likiwa halina nguvu, usishukuru. Sensa hupima maji; maji yakiisha imebaki kwenye hewa, na inasoma baridi wakati hedi inaungua. Simama hapo hapo.

Linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa

Hapa mshukiwa ni upepo. Gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa upepo wa barabara unatosha kupoza rejeta. Kwenye foleni ya Ubungo au ya Barabara ya Mombasa, kazi yote iko juu ya feni.

Kwa Corolla hizi, kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Swichi ya feni inaunga umeme inapokuwa baridi, na inakata joto likifika karibu nyuzi 93. Ikikata, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inaachia na feni inazunguka. Maji yakishuka hadi karibu 83, swichi inaunga tena na feni inazima. Toyota walipanga hivyo ili waya ukikatika, feni ifanye kazi muda wote badala ya kutofanya kabisa. Kwa hiyo kipimo chake ni rahisi:

1. Injini iwe baridi, swichi ya ufunguo iwe ON, injini haijawashwa. Feni inatakiwa itulie.
2. Chomoa plagi ya swichi ya feni. Kutegemea toleo, iko sehemu ya chini ya rejeta au kwenye kasha la themostati.
3. Feni ikizunguka: mota, rilei na fyuzi ni nzima. Kama kwenye foleni ilikuwa haiwaki, swichi ndiyo mbovu, au maji hayaifikii kwa sababu yamepungua.
4. Feni isipozunguka: angalia fyuzi yake, kisha badilishana rilei na nyingine inayofanana nayo kabisa kwenye boksi, kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota ya feni. Ikigoma hapo, mota imekufa. Mara nyingi ni kaboni zake zimeisha.

Magari mengi yasiyo ya Toyota hufanya kinyume: swichi inaunga joto likipanda, kwa hiyo unapima kwa kuunganisha waya zake mbili. Fundi anayeunganisha waya kwenye Corolla ya zamani anaona feni haizunguki, anatangaza mota imekufa, na unauziwa mota.

Feni ikizunguka, bado usimalize. Weka kipande cha gazeti mbele ya rejeta: feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa ilivute na kulibana hapo. Likipeperuka kukukimbia, waya za mota ziligeuzwa na feni inapigana na upepo wa barabara. Angalia pia kasha la plastiki linalozunguka feni. Wengi huliacha gereji baada ya ajali ndogo ya mbele, na bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima.

Kwa Hiace na Hilux zenye feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi ya mafuta mazito, injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru raundi kadhaa kama feni ya dari, klachi imechoka. Dalili nyingine ni mafuta meusi yaliyoganda katikati ya klachi.

Mjini liko sawa, mlimani au kwa mwendo kasi linachemsha

Upepo upo wa kutosha, kwa hiyo shida ni mzunguko wa maji au injini kuzalisha joto kuliko kawaida. Gari la aina hii ndilo huanika boneti nusu ya Mlima Kitonga wakati malori yanalipita.

Anza na cha bure: piga tochi kati ya kondensa ya AC (inayofanana na rejeta, iko mbele yake) na rejeta. Kwa nje kunaweza kuwa kusafi, na katikati kuna zulia la matope, wadudu na manyoya. Safisha kwa maji ya mpira wa kawaida ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu sana inalaza mapezi ya alumini, na hapo umeziba rejeta mwenyewe.

Kisha uzibaji wa ndani. Injini ikiwa ya moto na themostati imefunguka, zima, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Joto lishuke polepole kutoka upande maji yanapoingilia kwenda yanapotokea. Ukikuta doa lililo baridi kabisa katikati, mirija ya hapo imeziba. Chanzo chake ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo pwani hutumika kwa kila kitu mpaka kwenye rejeta, pamoja na kutu iliyobanduka kwenye bloku. Rejeta ya shaba ya zamani unaweza kuipeleka ikafunguliwa na kusuguliwa. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki haina faida kuifungua, nunua nyingine.

Mpira wa chini wa rejeta ni mshukiwa anayesahaulika. Uko upande ambao pampu inanyonya. Ukilainika kwa uzee, au waya wa springi uliokuwa ndani yake ukiwa umeoza, pampu inaunyonya na kuubana kama mrija wa juisi. Gari likiwa limesimama unauona mzima. Mtu akukanyagie mafuta hadi mizunguko 3,000 nawe uangalie: ukijikunja, umempata mwizi.

Mkanda unaozungusha wota pampu kwenye injini hizi ni uleule wa oltaneta, mashine inayochaji betri. Ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya milimita 10 hivi, umelegea. Kama na taa ya chaji inawaka hafifu, mkanda ni jibu la maswali mawili kwa mara moja. Wota pampu yenyewe huonyesha kufa kwake kwa njia mbili: maji yanayodondoka kwenye tundu dogo chini ya shafti, au shafti kucheza ukiitikisa puli mkanda ukiwa umetolewa. Mapanga yake kuliwa na kutu hutokea pia, hasa gari lililotumia maji matupu kwa miaka, lakini hilo hulioni mpaka uitoe.

Mwisho wa kundi hili ni taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapowasha petroli. Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua wakati valvu ya eksozi inafunguka, na joto linaishia kwenye hedi na maji badala ya kusukuma pistoni. Unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye boksi la ukaguzi chini ya boneti, injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), piga taa ya taimingi: alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Isipokuwa hapo, legeza bolti za distribyuta (kinachogawa moto kwa plagi) uizungushe taratibu. Kuweka kwa kusikiliza mlio hakutoshi.

Themostati, na kwa nini usiitoe

Themostati ya injini hizi huanza kufunguka nyuzi 82 na hufunguka kabisa kufikia 95. Ikigoma kufunguka, gari linachemsha haraka, mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi kabisa. Ikigoma kufunga, mshale haufiki katikati asubuhi, na petroli inakwenda kwa sababu kompyuta inadhani injini bado baridi.

Kipimo ni cha jikoni. Ifunge kamba, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ianze kuachama kati ya nyuzi 80 na 84. Ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Itoe majini, ijifunge yote ikipoa. Isipofanya hivyo, tupa.

"Toa tu, huku kwetu ni joto" ni ushauri mbaya. Kwenye injini nyingi za Toyota za miaka hiyo themostati ina sahani ya pili kwa nyuma. Inapofunguka kwenda rejeta, sahani hiyo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana gari lililotolewa themostati huwa baridi mno kwenye mteremko na bado linachemsha mlimani. Unapofunga mpya, weka kile kipini kidogo kinachochezacheza upande wa juu. Ndiko hewa inakotokea.

Maji yanapungua na hakuna tone chini

Kabla ya kulaumu gasketi, badilisha mfuniko wa rejeta. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote humu, na watu huung'ang'ania wa zamani.

Mfuniko wenye alama 0.9 hushikilia shinikizo la karibu baa 0.9, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi 118 Dar es Salaam. Mfuniko uliochoka haushikilii kitu, kwa hiyo maji yanachemka kama yangekuwa sufuriani: nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini karibu 94 tu Nairobi au Mbeya, juu ya mita 1,700. Sasa linganisha na feni inayowaka nyuzi 93. Gari lilelile lililokuwa halina neno Dar linafika Mbeya likianza kutapika maji kwenye tenki la akiba, wakati feni ndiyo kwanza inaamka, na injini haina ugonjwa wowote.

Angalia mpira wa ndani wa mfuniko: usiwe mgumu, usiwe na mfereji. Angalia ile valvu ndogo ya katikati, ivutike na kurudi. Hiyo ndiyo inayonyonya maji kurudi kutoka tenki la akiba injini ikipoa. Ikikwama, asubuhi utakuta rejeta imepungua, tenki limejaa, na mpira wa juu umenyong'onyea.

Baada ya mfuniko, tafuta uvujaji unaokauka kabla ya kudondoka: chokaa nyeupe au ya kijani kwenye klipu za mipira, ufa mwembamba mahali plastiki ya rejeta inapoungana na alumini, na zulia la abiria wa mbele kulowa huku vioo vikiweka ukungu wa mafuta mafuta. Hilo la mwisho ni rejeta ya hita.

Gasketi ya hedi

Ishara ya kuaminika kuliko zote ni ya asubuhi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Mapovu machache ya mwanzo yanayokoma ni hewa tu. Au acha mfuniko umefungwa: mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili tatu wakati injini bado vuguvugu, shinikizo hilo haliwezi kuwa la joto.

Nyingine: moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, plagi moja iliyo safi kama imeoshwa, oili ya rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki. Ute mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili pekee hautoshi kulaani gasketi. Gari la safari fupi kwenye mji wa baridi hupata huo kutokana na unyevu.

Thibitisha kwa kupima kompresheni (shinikizo la kila silinda), injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Ukifungua hedi, usirudishe gasketi mpya juu ya hedi usiyoipima. Weka rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, upitishe fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) chini yake: zaidi ya milimita 0.05, ipeleke ikarandwe kwa mashine. Kusugua kwa msasa na kipande cha mbao hakunyooshi hedi. Matundu ya bolti yakaushwe. Oili au maji yaliyobaki chini ya bolti hayabinyiki, yanapasua bloku. Bolti ziko za urefu wa aina mbili, zipange ulivyozitoa, ukizipaka oili kidogo kwenye nyuzi. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni: kwanza Nm 29 zote (kwa spana inayopima nguvu ya kukaza), kisha zungusha kila moja nyuzi 90, yaani robo mzunguko, kisha nyuzi 90 tena. Weka nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili uone imegeuka kiasi gani. Fundi anayekaza kwa kukisia mkono atakurudisha hapo baada ya miezi mitatu.

Kujaza maji bila kufungia hewa ndani

Kazi nyingi nzuri huharibikia hapa. Mfumo wa Corolla hizi unachukua lita 5 hadi 6, na ukimwaga haraka unajaza tatu tu, zilizobaki ni hewa iliyokwama kwenye hedi.

Egesha pua ya gari ikiangalia juu kidogo. Weka hita kwenye moto. Mimina polepole huku ukibana mipira ya juu na ya chini kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache sailensa, kisha mizunguko 2,000 hivi kwa dakika kadhaa. Themostati ikifunguka utaona kiwango kinashuka ghafla, ongeza, funga. Hita ikitoa upepo baridi wakati injini ni ya moto, hewa bado ipo.

Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu yake na nusu maji, au ile iliyochanganywa tayari ambayo haiongezwi maji. Barafu hatuna, ila kutu tunayo, na dawa ya kuzuia kutu ndiyo unayoilipia. Maji yawe ya kuongezea betri (si asidi) au ya mvua safi. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu: usiiache kwenye beseni ambako mtoto au mbuzi ataifikia.

Bandika kipande cha selotepu kwenye tenki la akiba usawa wa maji asubuhi injini ikiwa baridi. Siku ya kwanza au ya pili hushuka kidogo, hewa ya mwisho ikitoka. Yakizidi kushuka chini ya selotepu baada ya siku saba, rudi kwenye mfuniko na mapovu ya asubuhi.